Kilimo Kinafungwa Ijumaa

Ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa chuo ilikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu. Inspekta alipanda ngazi akishikilia reli, Koplo akimfuata na faili kwapani. Kwenye korido balbu zilikuwa zimetolewa, zimeachwa mojamoja ili watu wasigongane.

"Wanabana matumizi, Afande," Koplo alisema.

"Mimi wamenibana mapafu."

Walisimama ghorofa ya tatu. Koplo, mwanamke mwembamba aliyekuwa hajapoteza pumzi hata kidogo, akajifanya anapanga karatasi ili mkubwa wake apate kupumua.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumatatu wanafunzi wa Kitivo cha Kilimo walikusanyika langoni kwao baada ya kusikia kwamba kitivo chao kinafungwa. Mawe yakarushwa. Mlinzi wa lango, mzee waliyemwita Kamanda kwa sababu alimpigia saluti kila anayepita, hata wauza karanga, alipigwa jiwe la uso. Madaktari walilitoa jicho la kushoto usiku uleule. Siku iliyofuata, Jumanne, chuo kilimkabidhi polisi mtuhumiwa: mhasibu wa bajeti, mwanamke wa makamo, anayedaiwa kuvujisha siri ya ofisi na kuchochea vurugu. Alihojiwa na sajini wa zamu akakiri. Leo ilikuwa Jumatano; kesho asubuhi angepelekwa mahakamani.

"Amekiri," mkuu wa kituo alimwambia Inspekta asubuhi ile. "Pitia tu, uweke saini."

Inspekta alipitia. Maelezo ya kukiri yalikuwa na maneno machache kuliko risiti ya mafuta, ndiyo maana alikuwa anapanda ngazi.

Naibu alikuwa ndiye anayesimamia fedha za chuo kizima, mtu mfupi mwenye tai iliyolegezwa na karatasi ya vidonge vya tumbo mbele yake. Aliwaonyesha viti.

"Chai sina ya kuwapa," alisema. "Fungu la chai lilikwisha mwaka jana."

"Hatukuja kunywa."

"Yote nimeshayasema kwenye maelezo yangu."

"Nimeyasoma. Sasa nataka kuyasikia."

Naibu alijikuna kidevu. "Yule mama ndiye anayeandaa makadirio. Hakuna tarakimu ya chuo hiki isiyopita mkononi mwake. Wanafunzi wenyewe wametangaza kwamba alisikika akisema kwenye simu kuwa Kilimo kinafungwa Ijumaa hii. Jumatatu watoto wako langoni na mawe. Mnataka nini zaidi?"

"Sababu. Amefika miaka hamsini bila barua ya onyo hata moja, halafu ghafla anaamua kuwasha moto?"

"Sababu ipo. Aliomba cheo cha mhasibu mkuu, tukampa mtu kutoka nje. Tangu siku hiyo hanisalimii."

"Hakusalimii kabisa?"

"Ananiambia 'habari za asubuhi' na kupita bila kusubiri jibu."

"Hata mke wangu ndivyo anavyonifanyia," Inspekta alisema, "na sijamkamata."

Koplo aliinamia daftari lake. Naibu hakucheka.

"Nieleze jambo moja kama unavyomweleza mtu asiyesoma," Inspekta aliendelea. "Chuo kinaishi kwa nini?"

"Kwa ruzuku. Serikali inatulipa kwa kichwa cha mwanafunzi. Kichwa cha Sheria na kichwa cha Kilimo bei ni moja. Lakini wa Sheria anataka kiti na mtu wa kumfundisha, basi. Wa Kilimo anataka maabara, shamba, ng'ombe, dawa ya ng'ombe, na mtu wa kumkamua huyo ng'ombe wikiendi. Na vichwa vyenyewe vya Kilimo kila mwaka vinapungua. Ruzuku ya mwakani inashuka tena. Ya mwaka wa mbele yake, sijui kama itatosha mishahara."

"Hiyo ndiyo siri iliyovuja?"

"Hiyo iko magazetini."

"Basi iliyovuja ni ipi?"

Naibu alibonyeza kidonge kimoja kikatoka, akakimeza bila maji. "Ni mambo ya Baraza la Chuo. Hayajatangazwa. Siwezi kuyazungumza na polisi."

"Lakini kesi umeileta polisi."

"Nimeleta mtu. Ajenda za Baraza sikuzileta."

Waliposhuka Koplo alisema, "Kuna kitu anaficha."

"Mtu wa ghorofa ya nne hakosi cha kuficha. Ngoja tujue kama kinatuhusu."

*

Mhasibu aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa ndala za nyumbani. Chuoni walimwita Mama Fungu, kwa sababu kila aliyemwendea na ombi, awe profesa au mfagizi, alijibiwa kwa swali moja: "Kimo kwenye fungu gani?" Alikaa akakunja uso kumtazama Inspekta.

"Miwani yangu iko kaunta," alisema. "Sikuoni vizuri. Pengine ni afadhali."

Koplo alitoka akaileta. Mama Fungu akaivaa, akamtazama Inspekta upya. "Kumbe na wewe umechoka," alisema.

"Sajini alikuuliza kama ulisema Kilimo kinafungwa."

"Aliniuliza."

"Ukasema ndiyo."

"Kwa sababu nilisema. Nikafungua mdomo nieleze, akaniambia, mama, umeulizwa ndiyo au hapana, hapa siyo darasani. Nikamwambia ndiyo. Akaandika, akanipa kalamu."

"Sasa eleza."

"Mwaka wa fedha unaisha Ijumaa. Kila kitivo lazima kilete risiti zake, nilinganishe, nifunge hesabu. Kilimo kila mwaka ni wa mwisho. Nilikuwa nazungumza na karani wao kwenye simu, nikamwambia Kilimo nakifunga Ijumaa, wakichelewa shauri yao. Sisi ofisini hatusemi 'nafunga hesabu za kitivo cha Kilimo'. Nani ana muda huo? Tunasema nafunga Kilimo, nafunga Sheria, nafunga Bweni la Wasichana."

"Bweni la Wasichana?"

"Na lenyewe lina hesabu zake."

Koplo alikohoa kidogo.

"Mama," Inspekta alisema, "kila anayelala humu ana maelezo mazuri asubuhi yake. Karani wa Kilimo tukimuuliza?"

"Atakwambia hivyo hivyo."

"Ni mtu wako?"

"Nilimsimamia harusi."

"Basi hanisaidii. Hakimu atasema mmepanga."

Mama Fungu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Kuna kitu hujaniuliza. Unajua Kamanda ni nani kwangu?"

"Mlinzi wa lango."

"Ni shemeji yangu. Mdogo wa mume wangu. Jumatatu alinipigia simu kutoka langoni, akaniuliza, shemeji, hawa watoto wanasema kitivo kinafungwa, ni kweli? Nikacheka. Nikamwambia ni uongo wa watoto, hakuna kinachofungwa ila vitabu vyangu, simama hapo uwatulize. Alikuwa anataka kuingia ndani ya kibanda ajifungie. Mimi ndiye niliyemwambia asimame." Alirudisha miwani. "Mume wangu hajafika hapa tangu jana. Hata viatu hajaleta. Anaamini nilianzisha maneno kisha nikamtoa mdogo wake kafara. Kwa hiyo usinisaidie kwa sababu ya kazi. Kazi nitapata nyingine au nitakosa. Nataka nyumbani kwangu waelewe nilisema nini."

"Siku ile unaongea na simu, nje ya mlango wako kulikuwa na nani?"

"Sijui. Ile korido haikosi watu, na mlango wangu haufungiki vizuri. Umeombewa kitasa, hakimo kwenye fungu."

Kiongozi wa wanafunzi alikuwa chumba cha pili, ameshikiliwa tangu Jumatatu. Jina lake mtaani lilikuwa Kipaza, na hata ndani ya selo alizungumza kama yuko jukwaani.

"Sitataja chanzo changu," alisema kabla hajaulizwa.

"Sawa. Yule mama mhasibu anapelekwa mahakamani kesho kwa maneno uliyoyatangaza wewe. Ukae na chanzo chako."

Kipaza alitafakari. "Ni katibu muhtasi wa Naibu. Ndiye aliyeniambia."

"Alikuambia wapi?"

"Ofisini kwake. Alhamisi iliyopita."

Koplo alitoka kupiga simu. Aliporudi alizungumza bila kukaa. "Katibu muhtasi wa Naibu yuko likizo ya uzazi, Afande. Amejifungua mapacha. Alhamisi iliyopita alikuwa wodini."

"Mpe hongera zake," Inspekta alimwambia Kipaza.

Kipaza alitazama sakafu. Inspekta hakumuuliza zaidi. Kwenye korido alimwambia Koplo, "Mwanafunzi hadanganyi polisi kwa ajili ya mfagizi wala karani. Anadanganya kwa ajili ya rafiki, au kwa ajili ya mtu atakayemsahihishia mtihani. Rafiki zake wana shughuli gani ghorofa ya bajeti? Huyu ni mwaka wa mwisho Kilimo. Uliza karani wao, ni mwalimu gani alikwenda kwa Mama Fungu Alhamisi."

Safari hii simu haikuchukua muda. Walimu wote wa Kilimo walikuwa wamekata tamaa ya kwenda bajeti, isipokuwa mmoja: mwalimu wa udongo, aliyekuwa anafuatilia pampu ya maji.

*

Walimkuta kwenye kitalu nyuma ya maabara, anamwagilia miche kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu. Nusu ya miche ilikuwa imekauka. Ng'ambo ya uzio palikuwa na ukumbi wa Kitivo cha Sheria, jengo jipya kuliko mengine yote.

"Wewe ndiye daktari wa udongo?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo."

"Unaumwa?"

"Mimi au udongo?"

"Wowote kati yenu."

"Wote wawili." Hakuacha kumwagilia. "Mmekuja kwa ajili ya yule mama."

"Nimekuja kwa ajili ya ulichokisikia. Maneno yenyewe, usiyafupishe."

"Nilikaa kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia anasema, Kilimo nakifunga Ijumaa, mkichelewa shauri yenu. Nikainuka nikaondoka."

"Papo hapo?"

"Karibu."

"Karibu, maana yake nini? Alikuwa bado anaongea?"

"Alikuwa bado."

"Anasema nini?"

Mwalimu alisimamisha kopo, maji yakaendelea kudondoka mahali pamoja. "Alisema kitu kuhusu Sheria."

"Kitu gani?"

"Kwamba Sheria ameshaifunga tangu juzi, kwamba wenzetu hawana matatizo."

Inspekta alitazama ng'ambo ya uzio. Kipindi kilikuwa kimeisha. Wanafunzi walikuwa wanamiminika kutoka ukumbini, wamebeba vitabu vinene, wengine wanacheka.

"Wale ni akina nani, Daktari?"

"Wanafunzi wa Sheria."

"Wanafanya nini pale, kama kitivo chao kimefungwa tangu wiki iliyopita?"

Mwalimu aliliweka kopo chini.

"Na akasema 'nimeifunga'. Yeye, kwa mkono wake. Mhasibu anafunga kitivo kwa kufuli gani?"

"Hesabu," mwalimu alisema taratibu. "Alikuwa anafunga hesabu."

"Kipaza ulimwambia habari ya Sheria?"

"Hapana. Haikuwa na maana, nikaiacha."

"Ungemwambia, angekuuliza swali nililokuuliza mimi, na yule mzee angekuwa na macho yake."

Mwalimu alijifuta mikono kwenye suruali, mikono ikabaki na udongo vilevile. "Nina miaka mitatu naomba pampu," alisema. "Walimu wawili wamestaafu, nafasi zao hazikujazwa. Ng'ombe waliuzwa tukaambiwa wamepelekwa matibabu. Halafu mtu unakaa kwenye benchi unasikia 'Kilimo nakifunga'. Ningeuliza nini? Niliona hatimaye kuna mtu amesema."

"Andika hayo yote. Na habari ya Sheria uianze."

Wakirudi kwenye gari Koplo alikuwa na mwendo mwepesi. "Tumemaliza, Afande. Hakuna siri iliyovuja. Ulikuwa uvumi tu."

Inspekta alifungua mlango akakaa, lakini hakufunga mkanda.

"Kama ulikuwa uvumi," alisema, "chuo kingefanya nini Jumatatu jioni?"

"Wangekanusha."

"Wangekanusha. Sentensi moja, ubaoni. Umeona tangazo popote?"

Koplo alifikiri. "Hapana."

"Hawakukanusha. Walitafuta aliyesema. Mtu akikusingizia umeiba, hukimbilii kuuliza nani kakuona."

Walirudi ghorofa ya nne. Safari hii Inspekta hakusimama kupumua.

*

"Nimekuletea habari njema," alimwambia Naibu, na akaeleza: simu, karani, hesabu, Sheria. Naibu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Naibu alikuwa anaitazama karatasi ya vidonge.

"Unafurahi?" Inspekta aliuliza.

"Nafurahi."

"Huonekani."

"Nina mambo mengi."

"Hili litakupunguzia moja. Wanafunzi wamekaa chini pale mbele ya jengo lako, nimewapita sasa hivi. Shuka na mimi. Waambie sentensi moja: Kitivo cha Kilimo hakifungwi. Mimi namwachia mama wa watu, watoto wanarudi darasani, na sisi wazee tunakwenda kula."

Naibu alisogeza kalamu upande mmoja, akairudisha.

"Lazima kwanza nishauriane na Makamu Mkuu."

"Kuhusu nini? Kusema kwamba jambo lisilokuwepo halipo?"

"Taarifa za chuo zina utaratibu wake."

"Basi usiwaambie wao. Niambie mimi. Mimi siyo mwanafunzi. Sema: hakifungwi."

Koplo hakuandika kitu. Chini, nje ya dirisha, mtu alikuwa anapiga tarumbeta vibaya na wenzake wanamzomea.

"Siwezi kusema hivyo," Naibu alisema.

"Najua."

Naibu aliifungua tai kabisa, akaikunja, akaiweka mezani. "Hakuna mwizi hapa, Inspekta. Ungempata mwizi ungefurahi, hata mimi ningefurahi. Tungemfukuza na pesa zingerudi. Hakuna pesa. Nimezipiga hesabu hizi kila namna. Kitivo kimoja kikiondoka, vingine vinapumua. Kisipoondoka, vyote vinakufa polepole. Baraza liliamua tangu mwezi uliopita. Nje ya Baraza, watu watatu ndio tuliokuwa tunajua."

"Na mngetangaza lini?"

"Wakishaenda likizo, mwisho wa wiki hii. Huwezi kurusha jiwe ukiwa kwenu."

"Mkamwacha mhasibu wenu anaendelea na kazi."

"Angeacha vipi? Angeuliza kwa nini. Tulipopata habari kwamba amesikika akisema maneno yale, nilidhani ameyapata. Neno ni lilelile, siku ni ya wiki hii. Wewe ungedhani nini?"

"Ningemuuliza."

"Nilikuwa na jiwe limempata mtu. Sikuwa na nafasi ya kuuliza."

Inspekta aliinuka, akaegemea kiti kwa mikono yote miwili. "Kuna njia mbili. Kesho unapanda kizimbani kama shahidi, hakimu anakuuliza siri iliyovuja ni ipi, na utajibu mbele ya waandishi. Huyo hakimu namjua, hana subira niliyokuwa nayo mimi. Au unafuta malalamiko yako sasa hivi, hapa, mbele ya Koplo."

"Nikifuta, utawaambia watu?"

"Mimi napeleleza jinai. Kufilisika siyo jinai. Lakini mama wa watu nitamwambia, kwa sababu amelala selo kwa ajili ya neno lake."

Naibu alivuta karatasi. Aliandika kwa mwandiko mzuri, taratibu, kama mtu anayeogopa kufika mwisho wa ukurasa.

*

Mama Fungu alipewa mkoba wake kaunta. Alihesabu vitu vyake kimoja kimoja, akaweka saini, kisha akamgeukia Inspekta.

"Amekubali kwamba nilikuwa nafunga hesabu?"

"Amekubali, na ameandika. Mwalimu wa udongo naye ameandika. Nakala utapata, umwonyeshe mumeo."

"Nilimwambia sajini."

"Kuna jambo jingine, mama. Kaa."

Alikaa kwenye benchi la wageni. Inspekta alimweleza kwa maneno machache, akiwa amesimama. Mama Fungu alisikiliza akiwa ameushika mkoba magotini.

"Tangu mwezi uliopita?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwezi wote huu naandaa makadirio ya mwaka ujao," alisema. "Kilimo kimo. Naibu ananipitia mezani, anaona ninavyokipigania, ananiambia kazi nzuri. Nimewawekea hadi pampu. Niliinyang'anya kwenye fungu la zulia la ukumbi wa mikutano." Alifungua mkoba, akaufunga. "Yule mwalimu hajui. Nilitaka nimwambie Ijumaa nikishamaliza."

Koplo alimuuliza kama wamrudishe nyumbani.

"Mnakwenda wapi ninyi?"

"Hospitali. Muuguzi amesema Kamanda anaweza kuzungumza. Anasema alimwona aliyemrushia."

"Basi nami nakwenda huko."

"Mumeo yuko huko," Inspekta alisema.

"Ndiyo maana."

Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, na Kamanda alikuwa kitanda cha ukutani, bandeji imeuzunguka upande mzima wa kichwa. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alipomwona mkewe anaingia na polisi hakuinuka. Inspekta alimpa karatasi ya mwalimu. Aliichukua, akaanza kuisoma akifuata mistari kwa kidole. Akaisoma tena. Kisha akainuka kwenye ndoo, akaisukuma kwa mguu kuelekea kwa mkewe.

Mama Fungu alikaa. "Shemeji," alisema.

"Shemeji. Saluti sina leo, mkono una sindano."

"Lile nililokuambia kwenye simu."

"Kwamba ni uongo wa watoto."

"Siyo uongo. Wanakifunga kweli. Siyo vitabu, kitivo chenyewe. Sikuwa najua, nimeambiwa leo. Lakini wewe nilikuambia usimame."

Kamanda aligeuza kichwa kidogo kidogo mpaka jicho lake lililobaki likampata.

"Kwa hiyo walikuwa wanasema kweli."

"Ndiyo."

"Wote wale?"

"Ndiyo."

Alitazama dari. Mumewe Mama Fungu alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, mkono wake uko kwenye chuma cha kitanda, si mbali na bega lake.

"Kuna mmoja alikuja karibu kabisa," Kamanda alisema. "Hakuwa na kelele. Aliniambia, baba, nimebakiza mwaka mmoja tu, wakifunga nakwenda wapi? Nikamwambia toka hapa, mwongo wewe, nenda kasome. Nikamsukuma. Alianguka."

Koplo alikuwa ameshatoa kalamu. Inspekta alivuta hatua moja mbele.

"Na alipoinuka akaokota jiwe?"

Kamanda alivuta shuka mpaka kifuani.

"Mzee, muuguzi anasema ulimwona usoni. Unamjua. Kila siku anapita langoni kwako."

"Kila siku," Kamanda alisema. "Ananisalimia." Alifumba jicho, akalifumbua. "Andika sikumwona."

"Umetoka kuniambia—"

"Nimekuambia nilisukuma mtu. Hiyo andika ukitaka. Aliyerusha sikumwona. Walikuwa wengi, vumbi jingi, na mimi ni mzee."

"Nikiandika hivyo, hakuna atakayelipa jicho lako."

"Na nikimtaja yule mtoto atalilipa?"

Koplo alimtazama mkubwa wake. Inspekta alitia mkono mfukoni kama mtu anayetafuta ufunguo. Faili lilikuwa na jina tupu pale mahali pa mtuhumiwa, na mkuu wa kituo angeuliza.

"Andika," alimwambia Koplo. "Hakumwona."

Koplo aliandika, akamsomea. Kamanda aliitikia kwa kidevu, akaomba kalamu. Alipopewa alinyoosha mkono, lakini ncha ikagusa shuka, mbali na karatasi. Akajaribu tena, ikapita juu. Mama Fungu aliinuka kwenye ndoo, akamshika kiganja, akakisogeza mpaka kwenye mstari.

"Hapa," alisema.